Fimbo na Jina Lake

Jioni moja alifika nyumbani kwangu Nyegezi kijana ambaye baba yake nilimfundisha miaka mingi iliyopita. Kijana huyu anafanya biashara ya dagaa pale Kirumba, na usiku akishafunga hesabu zake hucheza pool. Alikuwa amebeba mfuko mrefu mweusi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, aliufungua mfuko ule juu ya meza yangu, akatoa vipande viwili vya mti, akavifunga kwa skrubu iliyokuwa katikati, ikawa fimbo moja.

"Babu," alisema, "baba ameniambia wewe ulikuwa mwalimu wa ufundi wa mbao kabla hujawa mkuu wa chuo. Naomba uniambie kama hii ni yenyewe."

Alikuwa ameinunua kwa shilingi laki tisa. Muuzaji alimwambia kuwa ilitengenezwa kwa mkono huko Marekani, na kwamba kilicho cheusi ni mpingo na kilicho cheupe ni pembe ya ndovu. Nilivaa miwani, nikawasha taa, nikaanza kuitazama.

Mimi sichezi mchezo huu, lakini mti naufahamu, na mafundi wa dunia nzima hushindana na mambo yale yale. Sehemu ya mbele ya fimbo ya pool, inayogonga mpira, kwa kawaida huwa ya mti mweupe uitwao maple, mgumu na wenye nyuzi zilizonyooka. Sehemu ya nyuma, inayoshikwa, ndipo fundi anapoonyesha uwezo wake. Katika fimbo za thamani mti mmoja huingizwa ndani ya mwingine kwa ncha ndefu mfano wa mikuki. Fundi huchimba mifereji, hukata vipande vya mti wa rangi nyingine vinavyolingana nayo, hutia gundi, husubiri ikauke, kisha huikereza fimbo nzima kwenye mashine mpaka iwe duara. Mfereji mmoja ukizidi kina kidogo tu, ncha yake hupanda juu kuliko za wenzake, na hakuna msasa utakaolificha kosa hilo. Ndiyo maana mnunuzi anayejua huanza kwa kuizungusha fimbo polepole na kulinganisha urefu wa ncha zake. Baada ya hapo hupitisha ukucha mahali miti inapokutana, asikie kama pana ufa au tuta la gundi. Mwisho huifungua fimbo katikati na kutazama kichwa cha mti, kwa kuwa vanishi ni shida kuifanya iseme uongo mahali hapo.

Ncha za fimbo ya kijana zilikuwa sawa kabisa, sawa mno. Nilichukua kioo cha kukuzia ninachosomea gazeti, nikaona vidoto vidogo vya rangi kama vile vya picha za gazetini. Ncha zile zilikuwa zimechapwa kwenye karatasi laini, zikabandikwa na kufunikwa kwa vanishi. Nilipofungua kiungo nilikuta weusi ule ni ngozi tu. Ndani mti ulikuwa mweupe. Mpingo hauko hivyo. Ukiuondolea ganda lake la nje, ambalo ni jeupe la manjano, moyo wake ni mweusi au zambarau nzito hadi ndani kabisa, nao ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kuhusu ile pete nyeupe, pembe halisi iliyokatwa kwa kukingama huonyesha mistari myembamba inayokatana kama wavu. Mfupa huwa na vitundu vidogo. Pete ile haikuwa na mistari wala vitundu. Ilikuwa plastiki.

Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo kabla chai haijapoa. Hata hivyo sikumpa. Nilimwambia aniachie fimbo yake mpaka kesho asubuhi. Alidhani nataka kuichunguza zaidi. Ukweli ni kwamba fimbo ile ilinikumbusha nyingine, na sikuona kama ninayo haki ya kumhukumu muuzaji wake kabla sijajihukumu mwenyewe.

Usiku ule nilifikiri kwanza juu ya pembe. Watu wengi hawajui kwamba mchezo huu wa mipira juu ya meza una uhusiano wa zamani na ufukwe wetu. Wilayani Magu, kando ya ziwa, kuna mahali paitwapo Kageye. Februari 1875 H. M. Stanley alifika hapo na msafara wake, akaiunganisha mashua yake aliyokuja nayo vipande vipande, kisha akaondoka kulizunguka ziwa. Lakini hakumkuta Msukuma peke yake pale. Alimkuta mfanyabiashara aitwaye Songoro, aliyekuwa akinunua pembe na watumwa, na ambaye alikuwa akijenga jahazi la kumwezesha kuvuka maji kwa biashara hiyo. Songoro aliuawa Ukerewe mwishoni mwa mwaka 1877. Pembe za kanda hii zilibebwa mabegani mwa watu, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, na kutoka pale zilivushwa hadi Unguja. Unguja zilipakiwa merikebuni kwenda India, Uingereza na Marekani. Katika jimbo la Connecticut miji midogo ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kukata pembe za Afrika: vitana, vibao vya piano, na mipira ya biliadi.

Mpira wa biliadi ulikuwa kazi ngumu. Ulitakiwa kukatwa katikati kabisa ya pembe, la sivyo ungeyumba ukibingirika. Hivyo pembe moja ilitoa mipira michache tu. Katika miaka ya 1860 kampuni moja ya New York iliyotengeneza meza za biliadi ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa mtu atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Mtu mmoja aitwaye John Wesley Hyatt alijaribu, na katika kujaribu kwake akaifikisha duniani selulodi, mojawapo ya plastiki za kwanza kabisa. Tunaweza kusema basi kwamba plastiki ilianza maisha yake ikiwa pembe bandia. Na hakuna aliyedanganywa. Hyatt hakusema, "Hii ni pembe." Alisema ametengeneza kitu kingine cha kufanya kazi ya pembe, na ndovu wangapi walipona kwa sababu hiyo hatuwezi kuhesabu.

Nchi yetu nayo ilifika mahali ikasema basi. Mwaka 1989 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya pembe za ndovu ipigwe marufuku duniani, na mwaka huo huo serikali iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili. Kwa maana hiyo, kama pete ile ingekuwa pembe kweli, kijana wangu angekuwa na shida kubwa kuliko ya kupoteza laki tisa.

Huko Marekani nako wanafahamu maumivu haya. Alikuwapo fundi aitwaye George Balabushka, aliyezaliwa Urusi mwaka 1912, akahamia New York na kutengeneza fimbo kwa mkono mpaka alipofariki mwaka 1975. Jina lake lilipanda thamani mno baada ya kifo chake, na walioghushi kazi yake wakawa wengi. Hata fimbo iliyoitwa ya Balabushka katika filamu ya The Color of Money ya mwaka 1986 ilitengenezwa na kampuni nyingine iitwayo Joss. Katika sinema hilo halina ubaya. Dukani ni wizi. Mti ni ule ule. Kinachobadilika ni jina analolitaja muuzaji na sababu ya kulitaja.

Sasa nije kwenye fimbo yangu.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, kabla ya Uhuru, niliiona fimbo ya mtemi kwa karibu. Baba alinichukua barazani siku ya kusikiliza kesi. Nilitarajia kuona kitu kinachong'aa. Niliona fimbo ya kawaida, nyembamba, iliyozungushiwa waya wa shaba chini kidogo ya kichwa, na waya wenyewe ulikuwa umefifia. Mahali palipong'aa ni pamoja tu: pale palipozoea kushikwa na mkono. Chini ya hapo mti ulikuwa mkavu na wenye mikwaruzo. Mwaka 1963 sheria iliufuta utemi kama mamlaka ya serikali, na vitu vya watemi vikaanza safari zake. Vingine vilibaki kwa wajukuu, vingine vilifichwa darini vikaliwa na mchwa, vingine viliuzwa. Vichache vilipata bahati ya kuhifadhiwa Bujora, pale Kisesa, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alikuwa ameanza tangu miaka ya 1950 kukusanya vitu na ngoma za Wasukuma, na ambako banda la watemi limejengwa kwa mfano wa kiti chao cha enzi.

Mwaka 1983 nilikuwa mkuu wa idara ya ufundi katika chuo kimoja cha ualimu cha Kanda ya Ziwa, ambacho sitakitaja. Wenye umri wangu wanaukumbuka mwaka ule: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na msako wa wahujumu uchumi kila mkoa. Chuo hakikuwa na mafuta ya taa wala chaki za kutosha. Kila idara ilitakiwa kuwa na mradi wa kujitegemea, na wa kwetu ulikuwa kuchonga fimbo. Wanachuo wangu walikuwa na mikono mizuri. Akaja mnunuzi mmoja kutoka mjini, aliyekuwa akiwauzia wageni. Alizisifu, kisha akasema kwamba zingekuwa na sura ya ukale angelipa mara mbili.

Hakusema zaidi ya hapo, wala mimi sikumuuliza. Tulichonga fimbo 24. Nilielekeza zining'inizwe juu ya meko ya jikoni la chuo kwa majuma matatu zipate moshi. Tulizisugua kwa mchanga, tukazipaka mafuta na masizi. Waya wa shaba haukupatikana madukani, hivyo tuliufungua kutoka katika mota iliyoungua ya pampu ya maji, na vijana wakauzungusha kwa ustadi ambao mpaka leo nauheshimu.

Siku ya kuzifunga, mwanachuo mmoja, mtoto wa watu wa Magu, aliniuliza, "Mwalimu, atakayeinunua ataambiwa nini?"

Nilimjibu, "Hayo si ya kwetu."

Fedha ile ilinunua mafuta ya taa, chaki, sabuni na magunia mawili ya maharage. Katika kikao cha walimu idara yangu ilipongezwa. Sikumwambia mtu yeyote neno la uongo, na kwa miaka mingi nilijiegemeza kwenye hilo. Niliendelea na kazi, nikapandishwa cheo, nikawa mkuu wa chuo kingine, nikawakemea wanachuo walioibia mitihani, nikastaafu kwa heshima.

Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Kisesa kwenye tamasha la utamaduni, na machifu wakampa jina la Hangaya. Baada ya hapo koo nyingi za watemi zilikumbuka vitu vyao. Mzee mmoja ninayemheshimu, wa ukoo wa kitemi, ambaye tumezikana na kuoana kwa zaidi ya miaka arobaini, aliwaita ndugu zake kijijini na kunialika mimi kama mwalimu na rafiki. Alisema ana fimbo ya babu yake, iliyopotea baada ya 1963, na ambayo aliipata kwa shida sana mwaka 1990 kwa muuza vinyago mmoja mjini. Aliuza ng'ombe ili kuikomboa. Aliomba mimi niseme maneno machache mbele ya vijana kuhusu historia yake.

Ilitolewa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilipoishika niliona inang'aa sawasawa mwili mzima, kuanzia kichwani hadi chini, kama hakuna mkono uliowahi kuishika mahali pamoja. Moyo wangu ulianza kwenda mbio. Nilitazama kwenye mifereji ya waya. Ndani yake palikuwa na utando mwekundu, mwembamba, mfano wa vanishi. Waya wa mota hupakwa utando huo kiwandani ili umeme usivuke kutoka mzunguko hadi mzunguko. Hakuna mtemi aliyekuwa na waya wa namna hiyo enzi za babu yake mzee yule.

Watu walikuwa wamenyamaza wakinisubiri. Wajukuu walikuwa wamekaa mbele, chini. Nilisimama nikasema, "Fimbo hii ina historia ndefu." Kisha nikazungumza kuhusu watemi, kuhusu mvua na mashamba, kuhusu mabaraza ya kesi. Kila nililolisema lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Nilipigiwa makofi. Nilikula nyama yao.

Majuma mawili sikulala vizuri. Nilijadiliana na nafsi yangu kama wakili. Nilijiambia kwamba fimbo ile imekwisha kuwa ya kweli kwa kupendwa; kwamba vijana wale wanahitaji kitu cha kushika; kwamba ukweli wangu utamfaidia nani? Hoja hizo si za kijinga, na hata sasa sizidharau. Lakini kila nilipozifikisha mwisho nilikuta kwamba anayefaidika zaidi na ukimya wangu ni mimi mwenyewe. Na nilikumbuka kwamba babu wa kweli alikuwa na fimbo ya kweli. Huenda ipo mahali fulani, na hakuna mtu wa ukoo huo atakayeitafuta maadamu wanaamini wanayo.

Nilipanda gari asubuhi nikaenda. "Mwangaluka," alinipokea kwa furaha. Nilimwomba tukae peke yetu chini ya mti, nikamweleza yote: mnunuzi, moshi, mota ya pampu, swali la mwanachuo na jibu langu. Nilimwonyesha utando mwekundu. Alikaa kimya muda mrefu akiichora ardhi kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, "Mwalimu, serikali ilimchukua babu yangu mara moja. Wewe umemchukua mara ya pili."

Sikuwa na la kujibu. Nilipoinuka kuaga aliniambia nikae. Aliingia ndani, akarudi na daftari la mtoto wa shule na kalamu. Alitaka niyaandike yale niliyomweleza, niweke tarehe, nitie sahihi. Niliandika kurasa mbili. Alizikunja akazifunga pamoja na ile fimbo kwenye kitambaa cheupe. Hakuitupa, wala haitoi tena mbele ya watu. Tunasalimiana hadi leo, lakini misibani hatukai tena mkeka mmoja kama zamani. Hiyo ndiyo bei yenyewe, nami naona haikuzidi.

Kijana wa dagaa alirudi asubuhi kama tulivyoagana. Nilimpa kioo cha kukuzia ajionee vidoto vya rangi, nikafungua kiungo nikamwonyesha mti mweupe ndani. Uso wake ulianguka. Nikaiviringisha fimbo juu ya meza ya kulia: ilikwenda laini bila kurukaruka, maana yake imenyooka. Nilimwambia kwamba kama fimbo ya kuchezea haina kasoro, na kwamba aliyeinyoosha kiwandani alifanya kazi yake. Ilichokosa ni haki ya kuitwa jina lile.

"Na laki tisa yangu, babu?"

Nilimwambia akamwone muuzaji, aende na mtu mzima mwenzake, aseme alichokiona bila matusi. Lakini nilisoma machoni mwake njia nyingine, iliyo rahisi zaidi. Mjini hapakosi mtu wa kumuuzia kwa laki nane na hadithi ile ile. Kwa hiyo nilimkalisha tena, nikamsimulia habari ya fimbo 24. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipoondoka alisema tu, "Nimekusikia, babu." Sikumdai ahadi. Nilikwisha kuwadai ahadi vijana wengi mno maishani mwangu nikiwa sina haki ya kufanya hivyo.

Zimebaki 23. Huenda nyingine ziko ng'ambo ukutani mwa watu, huenda nyingine ziko hapa hapa kwetu, katika nyumba za watu waungwana wanaozionyesha kwa wageni. Ndugu msomaji, kama unayo fimbo ya namna hii, yenye waya wa shaba chini ya kichwa na inayong'aa sawasawa mwili mzima, ipeleke kwenye mwanga na utazame vizuri kati ya mizunguko ya waya. Ukiona utando mwekundu, fimbo hiyo si ya mtemi yeyote. Ilichongwa mwaka 1983 na wanachuo wa ualimu waliokuwa hodari wa kazi yao, na aliyewaambia waitie moshi ni mimi.